Mstari Ulionyooka

Nati ile ilizunguka kwa vidole viwili tu, lakini mstari wa rangi uliochorwa juu yake ulikuwa umenyooka. Nilichuchumaa mbele ya gurudumu la mbele kushoto, asubuhi ya Jumatatu, kabla hatujafungua milango yote ya gereji. Nikaitazama nati, nikautazama mstari, nikarudi kwenye nati. Asiyejua kazi yetu angeona rangi tu. Mimi niliona uongo, tena uongo wa mtu ambaye mkono wake naujua tangu utotoni.

Nieleze, maana jambo hili lisipoeleweka halina uchungu. Magari ya kawaida hushikilia kila gurudumu kwa nati nne au tano. Gari hili la mbio, jekundu, lililokaa chini hata kuliingia ni lazima uiname, hushikilia kila gurudumu kwa nati moja ya katikati, kubwa kama kisahani cha kikombe. Moja, basi. Ikishika imeshika; ikilegea, hakuna ya pili ya kukuombea dua. Kwa sababu hiyo haifungwi na mtu mmoja. Mmoja huketi ndani akakanyaga breki kwa nguvu zake zote ili gurudumu lisizunguke. Mwingine husimama nje na spana ya kipimo, chuma kirefu kinachomfika mtu kiunoni, akaivuta mpaka ilie "tak!" kuonyesha kuwa mkazo umetimia. Halafu huilegeza nati kidogo ili ikae sawa, kisha huivuta upya mpaka spana ilie mara ya pili. Tak ya kwanza ni ya kuikalisha nati. Ya pili ndiyo ya kumlinda mtu.

Kazi ikiisha, aliyefunga huchukua brashi ndogo na kuchora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikisogea hata kidogo, mstari hukatika: kipande kimoja huku, kingine kule, na mwenye macho akajua. Kila fundi ana rangi yake, ili lawama zisigawanywe ovyo. Ya Baba ni ya manjano. Yangu ni nyeupe.

Mstari niliokuwa nautazama ulikuwa mweupe, na gari lile sikulifunga mimi. Siku lilipofungwa nilikuwa ndani, mguu kwenye breki, mgongo nimeukaza kitini. Aliyekuwa nje na spana ni Baba. Kompresa, ile mashine ya upepo, ilikuwa inanguruma pembeni, sikusikia tak wala nini. Nilisikia tu sauti yake, "Tayari, shuka," nikashuka, nikamwona akichovya brashi kwenye kikopo cha manjano. Tena nati iliyolegea barabarani haiwezi kubaki na mstari mzima. Mstari ule ulichorwa baada ya gari kurudishwa juu ya lori jioni iliyotangulia, wakati mimi nimeshaondoka. Aliyeuchora alitaka ionekane kuwa ni kazi yangu, ila mkono wake una mazoea: ukachora kama ulivyochora miaka yote, kutoka nati hadi rimu, bila kupinda. Mtu asiyejua kazi labda angeukata kwa kubahatisha. Fundi hasa akaponzwa na unadhifu wake.

Niliinamisha pua. Petroli, ile tunayofutia rangi. Pembeni, mahali ambapo kitambaa hakikufika, palikuwa pamebaki doa la manjano.

Wenye magari humwita baba yangu Mzee Mkazo, na jina hilo hakujipa. Alilipata kwa kufunga vitu vikafungika. Watoto wengine walijifunza kutembea kwa kushika kiti; mimi nilishika tairi, tena la lori, na Baba husema ndiyo maana natembea kwa maringo. Kuondoa magurudumu alikuita kumvua mgeni viatu. "Mgeni huvuliwa viatu kwa adabu," angeniambia, "na huvishwa kwa adabu zaidi, maana akijikwaa mbele ya safari atalitaja jina la aliyemvisha." Niliyabeba maneno hayo kama wengine wanavyobeba hirizi. Sasa nilikuwa nimechuchumaa hapo, nikiwaza kwamba mgeni amejikwaa na jina lililotajwa ni langu.

Mlango wa nyuma ulilia. Baba aliingia, akaniona nilipo, akasimama. Kisha akasema, kama asubuhi nyingine yoyote, "Umeamkaje?"

"Salama, Baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akapita, akaenda kwenye meza ya vifaa, akaanza kufuta spana ambayo ilikuwa safi.

Sikupata nafasi ya kuuliza. Mwenye gari alikuwa ameshafika, mtu mrefu, mwenye miwani, wakili kwa kazi yake na mwenyekiti wa chama cha watu wanaoyapeleka magari yao kwenye uwanja wa mbio siku za Jumamosi. Kila wakienda huvua magurudumu ya barabarani na kuvalisha ya mbio, wakirudi hubadilisha tena; kwa hiyo wanamhitaji fundi wao wenyewe pale uwanjani. Wakili alikuwa amenichagua mimi. Niwe msimamizi wa magurudumu yao yote, kuanzia Jumamosi iliyokuwa inakuja. Nilikuwa nimeshawatangazia ndugu, jamaa na majirani, hata wale nisiosalimiana nao.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, binti." Hakuketi. Alilitazama gurudumu, akanitazama mimi. "Nilikuwa natoka kona ya mwisho kabla ya nyumbani. Usukani ukaanza kutetemeka, nikadhani ni barabara mbaya. Kisha nikaliona gurudumu langu mwenyewe linacheza kama jino la mtoto. Nikalitoa gari kwenye majani, Mungu akasaidia likasimama. Mwanangu alikuwa kiti cha pembeni. Jana usiku hakukubali kulala peke yake."

"Pole sana," nikasema, na nilikuwa namaanisha.

"Baba yako ameniambia yote jana. Hakutaka kusema, nilimbana. Na alikutetea sana, nataka ulijue hilo. Alisema, 'Ni mtoto wangu, bado anajifunza, kosa lake ni langu, naomba umsamehe.'"

Nimewahi kusikia kwamba panya huuma huku akipuliza, aliyelala asihisi. Nilikuwa macho kabisa, na nilihisi kila jino. Niligeuka kumtazama Baba. Alikuwa ameiinamia spana yake kama anasoma kitu juu yake.

"Baba," nikasema.

"Mletee mgeni kiti," akanijibu.

Nilikuwa na maneno matatu mdomoni: si mimi niliyefunga. Hayazidi hayo. Lakini kumkana mzazi mbele ya mgeni ni kumvua nguo sokoni, na sikulelewa hivyo. Aliyenilea hivyo ni yeye mwenyewe, na siku ile alikuwa anavuna adabu aliyoipanda. Nikaleta kiti. Wakili hakukikalia.

"Kwa hiyo ile kazi ya uwanjani," alisema, sasa kwa sauti ya upole iliyozidi kuniumiza, "tumwachie mtu mwingine kwanza. Sikuchukii. Lakini wenzangu wameshasikia, na siwezi kuwaambia waweke watoto wao juu ya nati ulizofunga wewe. Hili Mzee atalifunga mwenyewe. Nitakuja Alhamisi, na nitasimama hapa hapa nikiangalia."

"Karibu sana," Baba akasema. Hilo ndilo neno lake pekee.

Siku ile sikufanya kazi. Niliosha mikono ambayo haikuwa imechafuka, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, shati la kazi la Baba mapajani, anakata vifungo kimoja kimoja na kushona mahali pake vile vya chuma vya kubana. Shati lilikuwa zima. Nikasimama mlangoni nikitazama vifungo vizuri vikidondoka kwenye kibakuli.

"Mama, mbona unalibomoa shati lisilo na kosa?"

"Vifungo vinamsumbua baba yako."

"Tangu lini?"

Aliukata uzi kwa meno. "Tangu zile mvua zilizopita. Mikono inatetemeka, na bega la kulia halipandi. Asubuhi namfunga mimi. Alinikataza nisimwambie mtu."

"Hata mimi? Mimi ninayekaa ndani ya gari namkanyagia breki, nikiambiwa tayari naamini ni tayari?"

"Hasa wewe," Mama akasema. "Alisema ukijua utamtazama kwa huruma."

Niliketi chini, sakafuni, kama nilivyokuwa nikiketi nikitoka shule na habari mbaya. Nilimweleza kuhusu Wakili, kuhusu Jumamosi iliyoyeyuka, kuhusu mstari mweupe. Nilitegemea angeshtuka. Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo nilipohisi baridi.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Jana alirudi akalia. Sijawahi kumwona baba yako akilia, hata siku ya kumzika mama yake. Akasema amekutaja wewe. Nikamwambia atengue. Akasema kesho atatengua."

"Asubuhi uliniaga, Mama. Ukaniambia kazi njema."

"Nilikuwa nimeahidiwa kwamba atatengua."

"Ukaniacha niende nikasikie kwa mgeni."

Aliweka sindano chini. Mama yangu si mtu wa maneno mengi, na hayo machache huyapima. "Mvumilie baba yako, mwanangu. Wewe bado kijana. Mtu mzima akianguka haamki upesi."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku zote niliuona usemi huo kuwa wa watu wenye maadui. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kuliwa na watu wanaokupenda, wakikuonea huruma huku wanatafuna. Sikula usiku ule. Nilimsikia Baba akiingia, akikohoa mlangoni kama hodi, na Mama akimwambia nimelala. Sikuwa nimelala, na Mama alijua.

Jumatano habu mpya, kile kitovu cha chuma gurudumu linapokalia, na nati mpya zilifika, na rimu ikarudi kutoka kwa mnyooshaji. Baba alikuwa chini ya gari, miguu nje. Nilingoja atoke, lakini alikaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyodai, nikaona nisipozungumza na miguu yake sitazungumza na kitu.

"Baba, ule mstari ulinyooka."

"Mstari gani?"

"Mweupe. Nati imelegea, mstari umenyooka. Angekuwa mwanafunzi wako kauchora hivyo, ungemfukuza."

Miguu ilitulia. Alijivuta taratibu, akaketi sakafuni, akanitazama kutoka chini. Na kwa sekunde moja, naapa, niliona anataka kucheka. Kile kicheko cha fundi aliyekamatwa na kazi yake mwenyewe. "Mkono umezoea," alisema. Kisha uso ukamwanguka.

"Kwa nini mimi?"

"Ningemtaja nani? Tuko wawili humu."

"Ungejitaja wewe."

Aliitazama mikono yake. Ilikuwa imelala mapajani, na ule wa kulia ulikuwa unatikisika peke yake. Aliufunika kwa wa kushoto. "Sikiliza," akasema. "Mimi sina kitu ila jina. Wewe una miaka. Jina la kijana likivunjika huunga, kama mfupa wa mtoto. Langu likivunjika leo nitazikwa nalo hivyo hivyo, vipande. Nilikuwa nimesimama mbele ya yule mtu, mwanawe analia kwenye gari jingine, ananiuliza nani amefunga. Nikafungua mdomo nikasikia jina lako limetoka."

"Mdomo ulikuteleza, sawa. Na brashi? Nayo iliteleza?"

"Nilijua utanibebea," akasema mwishowe. "Nani mwingine angenibebea?"

Nadhani alidhani ananisifu. Hajui ni usiku ngapi nimelirudia neno lile. Angekuwa ameniponza kwa chuki ningemchukia, mambo yakaisha. Lakini alinichagua kama mtu anavyomchagua punda, kwa kuutazama mgongo. Miaka yote nilidhani ananifundisha kazi. Nikaanza kujiuliza kama alikuwa ananipimia mzigo.

"Utamwambia Wakili," nikasema.

"Nitamwambia."

"Kesho akija."

"Akija nitamwambia, mwanangu. Nimekwisha sema."

Nilimwamini. Niandike hivyo wazi, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Nililala usingizi mzito nikiwa na uhakika kwamba mtu akipewa nafasi ya pili huishika kwa mikono miwili, hata ikiwa inatetemeka.

Alhamisi Wakili alikuja kama alivyosema. Baba alimpokea, akamuulizia mwanawe, akamuulizia kazi za mahakamani, akasema hali ya hewa imebadilika. Mimi nilisimama karibu na gurudumu nikingoja. Akaonyesha habu mpya. Akaonyesha nati mpya. Akasema yale magurudumu mengine matatu ameyapima asubuhi, yako imara. Kila alipovuta pumzi nilidhani sasa. Mazungumzo yakaisha, na Baba akapiga makofi mawili mepesi. "Haya, tumvishe mgeni kiatu."

Kabla ya kuingia ndani nilikwenda nikaizima kompresa. Gereji ikawa kimya hata ungesikia ndege juu ya bati. Baba alinitupia jicho. Nikaketi, nikakanyaga.

"Shika!" akaita.

"Nimeshika!"

Gari lilivutika kidogo upande wake, nikalihisi kwenye goti, kisha spana ikalia: tak. Ya kwanza. Akailegeza nati, niliusikia mlio wake wa kukwaruza. Akaanza ya pili. Gari likavutika. Likaachiliwa. Likavutika tena, kwa kishindo zaidi, na nikamsikia akitoa sauti ya ndani ya koo, ile ya mtu anayenyanyua kitu kinachomshinda. Likaachiliwa. Nilingoja mlio. Nilikanyaga breki hadi paja likaniuma nikiungoja. Kilichokuja ni pumzi zake tu.

"Tayari," akasema. "Shuka."

Nilichungulia dirishani. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Brashi ilikuwa tayari mkononi, na alikuwa anachora mstari wa manjano kwa mkono wa kushoto, akiushika ule wa kulia ubavuni. Wakili, aliyekuwa amesimama nyuma yake, hakuona ila mgongo wa fundi mashuhuri akifanya kazi.

"Baba," nikasema, bado nimekanyaga. "Tayari kweli?"

"Nimesema tayari."

"Hiyo ndiyo kazi ya Mzee," Wakili akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. "Ila mniwie radhi, naomba lijaribiwe kwanza kabla sijamkalisha mwanangu tena. Hofu haina adabu."

Nikafikiri, hapa sasa. Hapa hawezi kupita.

"Binti atalijaribu," Baba akasema. Akashusha jeki, gari likakaa chini kwa matairi yake. "Lifikishe barabara kuu, ulichangamshe kidogo, urudi."

Nilifunga mkanda polepole. Nikasogeza kiti mbele, nikakirudisha. Nikanyoosha kioo cha juu, kisha vya pembeni, vyote vilikuwa sawa. Niliteremsha dirisha mpaka chini ili sauti yake ikitaka kunifikia isikute kizuizi. Nikawasha injini, ikanguruma, nikaiacha ingurume. Baba alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwangu, spana imeegemea mguu wake. Alikuwa anatazama gurudumu. Hakunitazama mimi.

Nikaliachia gari litambae kuelekea langoni, polepole kuliko mtu anayetembea. Kwenye kioo nilimwona anazidi kuwa mdogo. Nililifikisha langoni, pua ikiwa nje kwenye barabara, nikasimama, mguu kwenye breki. Magari yalipita. Nilimtazama kwenye kioo. Neno moja lingetosha. Hata lisilo neno, hata kikohozi. Baba aliinua mkono wa kushoto, akaupunga mara moja, kama mtu anavyomuaga ndugu anayesafiri.

Niliumia. Nimejaribu kutafuta neno la kifahari zaidi nikalikosa. Kusingiziwa nilikuwa nimeanza kukumeza, taratibu, kama dawa chungu. Jina ni kitu cha nje, mtu anaweza kulivaa na kulivua. Lakini huyu ndiye mtu aliyenifundisha kuvuka barabara, na alikuwa amesimama pale akinitazama nikiingia barabarani juu ya nati ambayo mwenyewe alijua haijashika. Nikazima injini.

Nilishuka, nikarudi kwa miguu. Sikukimbia wala sikupiga kelele. Nilipomfikia niliishika spana, naye akaiachia bila hata kuivuta, kwa wepesi ulionishangaza.

"Kaa ndani, Baba," nikasema. "Ukanyage breki."

"Kuna nini?" Wakili akauliza.

Baba alitembea hadi langoni, akaliinamia lile gari fupi, akashika paa, akajiingiza kwa shida, mguu mmoja kisha mwingine. Nilivuta jeki, nikaliinua gurudumu pale pale langoni, wapita njia wakitutazama.

"Shika!" nikaita.

"Nimeshika," akajibu, taratibu.

Niliivuta spana kwa uzito wangu wote. Nati ilisogea. Ikasogea tena, na tena, mbali kuliko nati iliyofungwa inavyotakiwa kusogea, na ule mstari wa manjano uliokuwa bado mbichi ukakatika mbele ya macho yetu, kipande kikabaki kwenye rimu na kingine kikaenda na nati. Tak. Nikailegeza, nikaivuta upya. Tak. Wakili alikuwa amesogea karibu sana. Kazi yake ni kutazama vitu na kuuliza vilifikaje hapo vilipo, na nilimwona akikitazama kipande kimoja cha mstari, akakitazama kingine, akanyanyua macho hadi kwenye kiti cha dereva.

"Mzee," akasema. "Ile ya mwanzo. Nani alifunga?"

Baba aliukodolea macho usukani. Midomo yake ilicheza, lakini haikutoa kitu. Wakili akageukia kwangu. "Binti?"

"Ameulizwa Mzee," nikasema.

Wakili alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alinitazama kama mtu mwenye neno la samahani anayetafuta mahali pa kuliweka. Hakulipata, au alihisi si zamu yake. Akatoka nje hadi ukingo wa barabara, akasimama kule akitupa mgongo. Sikujali tena kama Jumamosi ingekuwa yangu au la. Ajabu ni kwamba nilikuwa nimeililia siku nzima ya Jumatatu.

Niliinama dirishani. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi za mwenzako. Mguu wake bado ulikuwa kwenye breki, umekaza, ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

"Baba, ungeniacha nifike wapi?"

Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo, bila ule mkwaruzo wa Mzee Mkazo.

"Nilijua utasimama."

Nikaushika ukingo wa dirisha.

"Nilikufundisha mwenyewe," akasema. "Nilikuona ukiizima kompresa. Nilijua umesikia. Nilijua utasimama, mwanangu."

Huenda ni kweli. Huenda alikuwa amesimama pale nyuma akiwa na imani nami kuliko aliyonayo kwa mikono yake, akingoja nimfanyie lile ambalo yeye hakuweza kujifanyia. Na huenda ni uongo alioutunga pale pale, kitini, kama alivyoutunga ule mwingine. Niliutazama uso wake nikiutafuta ukweli kama nilivyozoea kuupata humo bila kutafuta, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua kuusoma. Nilitaka kumwamini hadi meno yakaniuma.

Nilishusha jeki, nikaizungusha hadi gurudumu la nyuma kushoto, nikaanza kulipandisha.

"Hilo nimelipima asubuhi," alisema kutoka ndani. "Na yale mengine pia. Yako imara yote."

"Endelea kukanyaga, Baba," nikasema, nikaiweka spana juu ya nati.